Nani Anaua Vifaranga vya Sato?

Kila asubuhi, baada ya kuswali na kufagia uwanja, Mboni aliteremka ziwani na mama yake kuwalisha samaki. Ndoo ya pumba na dagaa waliosagwa aliibeba yeye. Mama yake, Bi Shamsia, alitangulia akiikunja khanga isiguse umande. Waliupita mwalo wa Nyamhula, ambako mitumbwi ya dagaa ilikuwa ikifika na taa zake bado zinawaka, wakasalimiana na huyu na yule, kisha wakakata kushoto mpaka kwenye ghuba ndogo iliyozungukwa na matete na mafunjo.

Humo ghubani wanawake wa Kikundi cha Subira walikuwa wamefunga chandarua kikubwa kwenye nguzo. Ndani yake walilea vifaranga vya sato. Vikikua kiasi cha kidole cha mtu mzima, walivihamishia kwenye kizimba kilichokuwa mbele zaidi, nje ya ghuba, kwenye kina kirefu. Mboni alikuwa darasa la sita, na kazi ya kuwalisha samaki aliipenda kuliko kazi zote za nyumbani. Akiitikisa ndoo tu, maji yalichemka kwa vifaranga vinavyogombea chakula.

Asubuhi hiyo hayakuchemka.

Vifaranga vilikuwa juu juu, midomo wazi, kama watu waliopanda mlima kwa kukimbia. Vingine viliogelea ubavuubavu. Kimoja kilizunguka mahali pamoja, mgongo umepinda kama ndoana. Na pembeni, kwenye mkunjo wa chandarua, vilivyokufa vilielea vyeupe.

"Tena?" Mboni alisema. "Mama, juzi si tulivitoa vilivyokufa?"

Bi Shamsia aliinama. Alikiokota kimoja, akakifunua shavu kwa ukucha. Ndani, mahali ambapo samaki mzima huwa mwekundu, palijaa ute mzito kama kamasi. Akakinusa, akakiweka kwenye jani.

Mama Dorotea, mwenyekiti wa kikundi, alikuwa ameshafika. Alikuwa mwanamke mnene, mcheshi siku nyingine, lakini siku hiyo uso wake ulikuwa umefunga.

"Hii si homa ya samaki," alisema. "Huu ni mkono wa mtu. Na mtu mwenyewe tunamjua."

Wote watatu wakatazama upande wa pili wa ghuba. Kule, akiwa amesimama ndani ya maji hadi magotini, mzee Nestory alikuwa akiinua mtego wake kwenye matete, taratibu, kana kwamba hakuna aliyemtazama.

Mzee huyu alitoka Ukerewe. Alikuwa amehamia Nyamhula miaka michache tu nyuma, akaishi peke yake kwenye chumba cha kupanga. Kazi yake ilikuwa chambo. Alinasa furu na kambare wadogo, akawaweka wakiwa hai ndani ya dumu, akawauzia wavuvi wa ndoana wanaotega sangara. Alisalimia akisalimiwa. Zaidi ya hapo, maneno yake yalikuwa ya kuhesabu.

Kikundi kilipofunga chandarua, alikuja akasimama kando. "Hapa ndipo ninapopatia chambo," alisema. "Mngeniuliza."

"Ziwa halina hati miliki, mzee," Mama Dorotea alimjibu.

"Haya. Mtaona wenyewe."

Wakati ule maneno hayo yalipita kama upepo. Sasa kila mtu aliyakumbuka. Mtaona wenyewe! Mtu mwema husema hivyo?

Ieleweke kwamba kando ya ziwa hakuna tuhuma nzito kama ya kutia sumu majini. Mwizi wa nyavu hupigiwa kelele, lakini mtia sumu hufukuzwa mwaloni, na habari zake humtangulia kila anakokwenda. Hakuna mwalo mwingine utakaompokea. Kwa mzee asiye na shamba wala ng'ombe, hiyo ni sawa na kumnyang'anya sahani mkononi.

*

Siku hiyo Mboni alimweleza rafiki yake Tereza, binti wa Mama Dorotea. Walikubaliana kumpeleleza mzee. Walipotoka shule walijibanza nyuma ya mtumbwi mbovu uliopinduliwa karibu na ghuba.

"Wewe Mboni, umewahi kuona mpelelezi aliyevaa sare za shule?" Tereza alinong'ona.

"Nyamaza, utatufichua."

"Kwa nani? Anayetuona hapa ni mbu tu, na ameshanila mguu mzima."

"Shh! Huyo anakuja."

Mzee Nestory alitokea na dumu begani. Aliangalia kushoto, akaangalia kulia. Akainama ukingoni, akamimina. Maji yaliyotoka yalikuwa meupemeupe, mazito kidogo. Akalisuuza dumu, akalitazama ndani kwa muda, akatikisa kichwa, akaondoka.

Mboni alimshika Tereza mkono. "Umeona?"

"Nimeona anamwaga kitu."

"Kitu gani?"

"Nitajuaje? Maji, labda."

"Maji gani meupe vile?"

Walikimbia mpaka nyumbani. Bi Shamsia alikuwa akichambua mchele barazani, na Mama Dorotea alikuwa ameketi naye.

"Mama! Tumemwona mzee Nestory akimwaga ghubani!"

Ungo ukasimama. "Akimwaga nini?"

Mboni alifungua kinywa, akasita. Kweli, alikuwa hajui. Lakini wanawake wawili walikuwa wakimtazama kwa hamu, na neno lilikuwa karibu sana na ulimi.

"Dawa," alisema. "Dawa nyeupe."

Tereza alimkodolea macho.

Maneno yana miguu. Kabla jua halijazama, dawa nyeupe ilikuwa imekuwa sumu ya panya. Ilipofika kwenye vibanda vya chai, ilikuwa dawa ya wadudu wa pamba iliyoletwa kutoka Magu. Tena kulikuwa na mtu aliyejua hata rangi ya chupa. Tangu siku ile hakuna mvuvi aliyenunua tena chambo cha mzee Nestory. Walipita mbele ya madumu yake kama wanaopita kaburini, na watoto walimwimbia "Mtia sumu! Mtia sumu!" kisha wakatimua mbio.

*

Baba yake Mboni, Bwana Bashiru, alikasirika kuliko wote.

"Mtu anayetia sumu kwenye maji wanayokunywa watu, huyo hamwogopi Mungu," alisema, akipuliza mkaa. "Angekuja kuniomba kazi ningempa. Lakini sumu!"

Bashiru alikuwa fundi wa risasi. Si risasi za bunduki, hapana. Risasi ni madini laini, mazito, ya kijivu, na wavuvi hufunga vipande vyake kwenye nyavu ili zizame. Zamani wavuvi wa dagaa walitumia karabai. Siku hizi taa zao zinawaka kwa betri, na ndani ya betri ndimo risasi ilimo. Betri ikifa, humfikia Bashiru. Aliipasua kwa shoka, akamwaga maji yake makali, akazisuuza sahani zake za ndani kwenye beseni ili zisirushe cheche, akaziyeyusha kwenye sufuria kuukuu na kumimina kwenye kalibu za udongo. Nyavu za Nyamhula karibu zote zilizama kwa kazi ya mikono yake.

Alikuwa mtu wa haya na jirani zake. Mwaka uliopita, mchicha wa jirani ulipoungua kwa maji ya betri, hakubishana. Aliomba radhi, akachimba mfereji mrefu nyuma ya nyumba, ukayachukua maji yale mbali na bustani za watu mpaka kwenye kichuguu, yakazama ardhini huko. Watu walimsifu kwa moyo huo. Tatizo lake lilikuwa tumbo tu. Lilimsokota mara kwa mara, viungo vikamuuma, akanywa dawa za vidonda vya tumbo bila kupata nafuu.

"Baba, watamfanya nini mzee Nestory?" Mboni aliuliza.

"Wewe ndiye shahidi. Sema ulichokiona, mwenyekiti wa kamati ya mwalo atajua la kufanya."

Mboni alikoroga majivu kwa kijiti.

Afisa uvuvi wa kata, Bi Gladness, alifika kesho yake. Alikuwa dada mwembamba mwenye buti za mpira. Alichota maji ya ghuba kwa chupa, akazoa tope, akaweka vifaranga kwenye boksi la barafu.

"Afisa, huna haja ya kujisumbua," Mama Dorotea alisema. "Mtu tumeshampata."

"Mama, mimi nitayasikiliza majibu ya maabara," Bi Gladness alijibu. "Dawa ya pamba huua mara moja, wakubwa kwa wadogo. Hawa wanakufa kidogo kidogo, na wengine migongo imepinda. Hilo linanipa mashaka. Tusubiri."

Lakini nani anataka kusubiri, samaki wakiendelea kufa? Mzee Chenge, mwenyekiti wa BMU, kamati inayolinda uvuvi mwaloni, alitangaza kikao Jumamosi asubuhi. Kila mtu alijua mwisho wake: mzee Nestory angefungasha virago vyake.

*

Ijumaa, baada ya shule, Mboni alikwenda ghubani peke yake. Alijiambia anakwenda kutafuta chupa ya dawa. Akiipata, moyo wake utatulia, kwa maana neno lake litakuwa la kweli.

Aliyafunua matete, akachungulia. Mzee Nestory alikuwa amechuchumaa ukingoni. Mbele yake palikuwa na makopo matatu ya rangi yaliyosafishwa, yamejaa maji. Mboni akarudi nyuma kimyakimya, akakanyaga kijiti kikavu.

"Toka tu, mjukuu wangu," mzee alisema bila kugeuka. "Umekuja kuniona nikimwaga tena?"

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Kaa pale juu ya jiwe. Ukiona natia sumu, piga kelele. Mwalo si mbali, watakusikia."

Mboni alikaa, tayari kukimbia. Mzee alichota furu kutoka kwenye dumu lake, akawagawa kwenye makopo.

"Kopo hili ni maji ya kule nje, penye mitumbwi," alisema. "Hili ni la hapa mlangoni mwa ghuba. Na hili ni la kule ndani, kwenye mafunjo. Haya, tazama. Macho unayo."

Walitazama. Mwanzoni furu wote walizunguka sawasawa. Kisha wale wa kopo la tatu walipanda juu na kuanza kupanua midomo. Mmoja alijisugua kwenye ukingo wa kopo kama mtu anayewashwa. Maji yao yakaanza kufifia, yakawa meupemeupe. Baadaye kidogo mmoja akalala ubavu, na mwingine akamfuata. Wa kopo la kwanza waliendelea kuzunguka kama kawaida. Wa kopo la pili walichoka, lakini walikuwa hai.

Mboni aliinuka juu ya jiwe bila kujijua. "Maji meupe!"

"Ni ute wao. Samaki akiumia, hutoa ute." Mzee alimwaga kopo la tatu kando, mbali na ukingo. "Mimi maji ya chambo nayabadilisha hapa hapa. Tangu mvua hizi zilipoanza, nikibadilisha tu, chambo kinachoka, kisha kinakufa na maji yanakuwa hivi. Ndipo nikawa nayamwaga. Wewe na mwenzako mlinikuta nikimwaga hasara yangu."

Mboni alihisi masikio yakiwaka moto. "Kwa nini hukusema, babu?"

"Nani aliniuliza? Mlinisema. Hamkuniuliza."

"Na kule ndani kuna nini?"

"Sijui. Kule ni nyuma ya nyumba za watu. Mimi mgeni nikionekana nyuma ya nyumba za watu, unajua nitaitwa nani." Akafunga dumu lake. "Tena kesho naondoka, nikipenda nisipende. Sitaki kuondoka na jina jingine."

Mzee alipokwisha kuondoka, Mboni alifunga sare yake kiunoni, akaingia kwenye mafunjo. Huko yeye hakuwa mgeni. Alikwenda akishika matete, na kadiri alivyokwenda ndivyo matete yalivyobadilika: kwanza ya kijani, kisha ya njano, kisha makavu kabisa. Hapakuwa na chura aliyeruka. Tope lilikuwa la kijivu, na kule nyuma yake, mlangoni mwa ghuba, magugu maji yalikuwa yamejazana, maji yamefungiwa ndani kama kwenye beseni.

Kisha akasikia harufu. Harufu ile kali, chachu, ya kukereketa puani, aliifahamu tangu udogo wake. Akaona kijito chembamba kikitiririka kutoka juu, kikikata nyasi. Kando yake, kwenye tope, palilala kifuniko chekundu cha betri.

Mboni hakuhitaji kukifuata kijito kile mpaka mwanzo wake. Alijua kilikotoka.

*

"Nani amekutuma?" Bashiru aliuliza. Sauti yake ilikuwa ya chini, na hiyo ndiyo iliyomtisha Mboni. "Yule mzee, siyo? Anataka kuniangushia mzigo wake."

"Hakuna aliyenituma, baba. Nimeona mwenyewe."

"Umeona nini? Risasi ni nzito, mwanangu, inazama. Na ziwa hili linafika Kenya na Uganda. Beseni langu moja litalifanya nini?"

Bi Shamsia alikuwa akikuna nazi. Aliacha, akawatazama wote wawili. "Baba Mboni, mfereji ule si ulikuwa unaishia kwenye kichuguu?"

"Ulikuwa unaishia. Kichuguu kilibomoka na mvua, maji yakapita..."

Alisimama na koleo mkononi, akitazama upande wa ziwa. Kisha akaliweka koleo chini, akaingia ndani bila kuaga.

Mboni alianza kulia. "Mama, kesho nitasema nini? Nikisema ya mfereji, watamfukuza baba. Nisiposema, watamfukuza mzee."

Mama yake alimvuta karibu. Mikono yake ilinuka nazi.

"Nisikilize. Ulipokuja siku ile, nilikuuliza amemwaga nini, ukaniambia dawa. Uliiona?"

"Hapana, mama."

"Na mimi nilijua hujaiona. Nilikuona unavyosita. Lakini nilitaka iwe dawa, kwa hiyo nikanyamaza. Tumekosa wote wawili." Bi Shamsia alijifuta macho kwa upindo wa khanga. "Kesho utasema kile macho yako yalichokiona. Usiongeze, usipunguze. Yatakayofuata tumwachie Mungu."

*

Kikao kilikuwa kwenye banda la kupimia samaki. Watu walijaa mpaka nje.

"Mwangaluka!" Mzee Chenge aliwasalimu.

"Mwangaluka!" waliitikia.

Mama Dorotea alieleza habari za vifaranga. Wavuvi wawili walieleza habari za dawa ya pamba, ingawa walipobanwa kila mmoja alisema ameambiwa na mwenzake. Mzee Nestory alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, kofia magotini. Virago vyake alikuwa ameshavifunga. Vilikuwa kando yake.

"Aje shahidi," Chenge alisema.

Mboni alisimama. Alimwona baba yake nyuma kabisa, ameegemea nguzo.

"Shikamooni. Mimi nilisema nilimwona mzee Nestory akimwaga dawa." Akamgeukia mzee. "Nilimwona akimwaga maji. Neno dawa niliongeza mimi."

Banda lote likavuma.

"Mtoto amelishwa maneno!" mtu alipiga kelele.

"Mzee amemhonga chambo!" mwingine akadakia, na watu wakacheka.

Tereza akainuka kwenye mkeka. "Mimi nilikuwa naye! Kweli hatukuona dawa. Tuliona maji meupe tu."

"Kaa chini wewe!" Mama Dorotea alimkaripia, lakini sauti yake ilikuwa imepungua nguvu.

Chenge aligonga meza. "Mboni, kama si mzee, samaki wanauawa na nini?"

"Jana nimeona samaki wakifa kwenye maji ya kule ndani, kwenye mafunjo. Maji ya huku nje hayawaui. Kule ndani kuna mfereji unaingia. Una harufu ya betri."

"Mfereji wa nani?"

Mboni alifungua kinywa. Machozi yalimshuka, akatazama chini.

"Mfereji ni wangu."

Watu wakageuka. Bwana Bashiru alikuwa amesogea mbele, kofia yake ya kiua mkononi.

"Alfajiri nimekwenda kuutazama," alisema. "Kichuguu kimebomoka, maji ya betri yanaingia ghubani. Mimi sikujua kwamba yanafika huko. Lakini jana mwanangu aliponiambia, sikutaka kujua, na hilo ni baya zaidi. Mzee Nestory, ulikuwa unabeba mzigo wangu. Nisamehe."

Hakuna aliyecheka tena. Mzee Nestory aliivaa kofia yake, akaivua, akaivaa tena.

Bi Gladness akasimama. "Majibu ya maabara bado, na mimi sitamhukumu mtu kabla yake. Ila kuanzia sasa hakuna betri itakayopasuliwa hapa, na samaki wa ghuba ile asiliwe na mtu. Mzee Chenge, twende tukauone huo mfereji."

*

Majibu yalipokuja, Bi Gladness aliwakusanya tena, safari hii na watoto wa shule. Tope la ghuba lilikuwa na risasi nyingi. Matamvua ya vifaranga, maini yao na figo zao, vyote vilikuwa na risasi.

"Risasi ni miongoni mwa metali nzito," alieleza. "Zebaki, ile wanayotumia wachimbaji kukamatia dhahabu, ni ndugu yake. Mzoga huoza ukaisha, majani huoza yakaisha. Metali hizi haziozi. Ukizitupa leo, mjukuu wako atazikuta."

"Lakini si zinazama?" Bashiru aliuliza kwa sauti ndogo.

"Zinazama, kaka. Zinakaa kwenye tope, na samaki wadogo wanakula kwenye tope. Tena maji makali ya betri huiyeyusha risasi, ikachanganyika na maji. Samaki anapumua kwa matamvua, yale mekundu yaliyo chini ya shavu. Risasi ikiyagusa, samaki hutoa ute kujikinga. Ute ukizidi, samaki anakosa hewa ndani ya maji. Asiyekufa upesi, risasi hujikusanya ndani ya mwili wake. Uti wa mgongo unapinda, hakui, na mayai yake hayaangui vizuri. Zebaki nayo ni hatari kwa njia yake: hupanda kutoka kwa samaki mdogo kwenda kwa anayemla, mpaka kwa sangara mkubwa, mpaka kwenye sahani."

"Hata tukimkaanga mpaka akauke?" Tereza aliuliza.

"Hata ukimkaanga mpaka awe mkaa. Moto hauiondoi."

Aliwapeleka Bashiru na familia yake hospitali. Daktari alikuta risasi kwenye damu yao wote, kwa Bashiru nyingi kupita kiasi. Yale maumivu ya tumbo hayakuwa vidonda. Aliwekwa kwenye matibabu, akakatazwa kabisa kuyeyusha risasi.

Mfereji ulifukiwa. Wataalamu wa mazingira walizoa tope la kijivu, wakalichukua ndani ya mapipa yaliyofungwa. Chandarua kilihamishiwa mbali, na magugu maji yakang'olewa ili maji yapate kupita. Kuvua kwenye ghuba ile kulipigwa marufuku mpaka vipimo viseme vingine. Bashiru aliendelea kupokea betri zilizokufa, lakini sasa hakuzipasua. Alizipanga nzima chini ya paa, gari la kampuni yenye kibali likaja kuzichukua. Vizamisho vya nyavu alivitengeneza kwa udongo wa kuchoma.

"Fundi Bashiru sasa mfinyanzi!" wavuvi walimtania.

"Chekeni, lakini nunueni," naye aliwajibu.

Mboni alikwenda kwa mzee Nestory na mama yake. Alipiga goti, akaomba radhi. Mzee aliweka dumu lake chini.

"Umenichafua mbele ya watu, na umenisafisha mbele ya watu," alisema. "Hapo tumelingana. Lakini siku zile za katikati, hakuna aliyenunua chambo changu, nikalala na uji wa chumvi. Siku zile usizisahau."

"Sitazisahau, babu."

"Basi inuka. Tumeyamaliza."

Mama Dorotea alikuwa amefika nyuma yao, ameshika sahani ya ugali na sato wa kizimbani, haya zimemjaa usoni. "Mzee, kikundi kimekaa. Tunaomba uwe mlinzi wa vifaranga vyetu."

Mzee Nestory akacheka, na ilikuwa mara yao ya kwanza kumsikia akicheka. "Jana mtia sumu, leo mlinzi! Nitakula kwanza, halafu nitafikiri."

Njiani wakati wa kurudi, Mboni alimuuliza mama yake, "Mama, kwa nini wote tulikuwa na hakika vile?"

Bi Shamsia alimshika bega.

"Kwa sababu kumshuku mgeni hakutugharimu kitu, mwanangu. Kujishuku wenyewe kunauma. Baba yako alilinda mchicha wa jirani kwa sababu aliuona unaungua; samaki hakuwaona, akadhani hawapo. Ziwa halina mdomo wa kujitetea. Na mzee yule alikuwa na mdomo, sisi ndio tulikosa masikio. Siku nyingine ukiona jambo baya, uliza kwanza. Na nyumba ya kwanza kuiuliza iwe ya kwenu."